Nyumba ya Dante Firenze: feki ni kweli, ila kesi mmeikosea

Siku hizi ukitafuta habari za Museo Casa di Dante, makumbusho ya nyumba ya mshairi Dante pale Firenze (Florence), Italia, kabla hujakata tiketi, hukosi kukutana na klipu ya mtalii mwenye hasira. Malalamiko ni yale yale, kwamba nyumba yenyewe feki, imejengwa 1911, ndani hakuna hata unyoya wa kuandikia alioushika Dante, ni nakala tupu na maskrini, tumeliwa hela. Na tangu jumba lifunguliwe upya 2020 likiwa na miwani ya VR (ile inayokuonyesha mahali palipotengenezwa kwa kompyuta kana kwamba umo ndani) na vyumba vyenye picha zinazotembea ukutani, wameongeza shtaka jingine kwamba sasa limekuwa gemu kabisa. Mimi naona hawa watu ushahidi wanao ila kesi wameikosea. Kwamba nyumba ile haina kitu cha Dante ndiyo habari ya kweli kuliko zote ambazo Firenze inaweza kutupa kuhusu Dante. Kama jumba lina kosa basi ni kuona haya na hilo pengo, kuliziba kwa fanicha na taa, wakati lingetakiwa liachwe wazi katikati ya chumba tulitazame vizuri.

Tuanze na mtu mwenyewe maana wengi wetu tunamjua jina tu. Dante Alighieri kazaliwa Firenze 1265, na kabla hajawa yule mzee wa shada la majani kichwani tunayemwona kwenye masanamu alikuwa mwanasiasa wa mjini. Alipigana vita vya Campaldino 1289, akajiandikisha kwenye chama cha waganga na wauza dawa mwaka 1295, sio kwamba alikuwa na duka la dawa bali sheria ya mji ilitaka uwe mwanachama wa chama cha kazi ndio upate cheo, na kiangazi cha 1300 akawa mmoja wa wale priori sita waliokuwa wanaongoza mji kwa zamu ya miezi miwili miwili. Wakati huo chama tawala cha Guelfi kilikuwa kimepasuka vipande viwili, Weusi na Weupe (hapo sio rangi ya ngozi, ni makundi tu ya familia zenye hela na visasi), na Dante alikuwa upande wa Weupe. Mwishoni mwa 1301 Weusi wakauteka mji kwa msaada wa Charles wa Valois, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, na baraka za Papa Bonifasi VIII, na kichekesho chenyewe ni kwamba Dante alikuwa ametumwa Roma na mji wake kwenda kuzungumza na Papa huyo huyo. Tarehe 27 Januari 1302 akahukumiwa bila kuwepo, kosa rushwa, faini florini 5,000 (sarafu za dhahabu za Firenze), miaka miwili nje ya mkoa wa Toscana na marufuku ya kushika cheo maisha yake yote. Hakulipa, hakutokea, basi tarehe 10 Machi ikatoka hukumu ya pili, akikamatwa achomwe moto mpaka afe. Mwaka 1315 wakamletea msamaha wenye masharti ya kumdhalilisha, akaukataa, wakairudia hukumu ya kifo na safari hii wakawaingiza na wanawe. Mji wake hakuuona tena. Alifia Ravenna Septemba 1321, inaaminika kwa malaria aliyoipata njiani akirudi kutoka Venezia alikotumwa na mwenyeji wake Guido Novello da Polenta, ndiyo, malaria hii hii tunayoijua sisi.

Sasa pima hapo. Divina Commedia, shairi lake la mistari 14,233, Jehanamu, Toharani na Peponi, ile kazi ambayo ndiyo sababu ya mtu kupanda ndege kwenda kumtafuta Dante, karibu wasomi wote wanakubaliana aliiandika akiwa uhamishoni, akilala kwenye nyumba za mabwana wa Verona, wa Lunigiana, wa Ravenna. Hakuna mstari wowote ulioandikwa kwa mkono wake uliobaki, hata saini yake hakuna. Nakala za mkono za Commedia zimebaki karibu 800 na zote zimeandikwa na watu wengine. Kwa hiyo yule anayeingia kwenye nyumba ya Firenze akitegemea kuona meza alipoandikia shairi kubwa, hata ingekuwa nyumba yenyewe kabisa, mawe yenyewe, paa lenyewe, bado angekuwa ameenda mji usio sahihi. Hakuandikia pale. Angekanyaga pale baada ya 1302 wangemchoma.

Na nyumba je? Hapa ndipo pananifurahisha zaidi. Italia imekuwa nchi moja 1861, Firenze ikawa mji mkuu wake 1865, na mwaka huo huo Dante alikuwa anatimiza miaka 600 tangu azaliwe, basi taifa changa lililokuwa linatafuta babu wa kuwaunganisha watu wasioelewana hata kwa lugha likampata babu tayari. Sanamu kubwa ikasimamishwa mbele ya kanisa la Santa Croce, mfalme Vittorio Emanuele II akaja kuizindua, na mji ukaingia kwenye makaratasi ya zamani kutafuta Alighieri walikaa wapi hasa. Walichopata ni eneo, karibu na kanisa dogo la Santa Margherita na lile la San Martino, nyumba hawakuipata. Halafu miaka ya 1880 na 1890 mji huo huo ukavunja kitovu chake cha kale, soko la zamani, vichochoro, minara, mtaa wa Wayahudi, wakaazi wakaondolewa, pakapatikana ule uwanja mkubwa ambao leo unaitwa Piazza della Repubblica. Ukienda pale inua macho usome maandishi kwenye tao, yanasema kitovu cha kale cha mji kimetolewa kwenye uchafu wa karne nyingi na kurudishiwa vita nuova, maisha mapya, na Vita nuova ni jina la kitabu cha ujana cha Dante. Yaani mji wa Dante umebomolewa na tangazo la ubomoaji wameliandika kwa maneno ya Dante! Baada ya hapo, kufikia 1911, mwaka ambao Italia ilikuwa inasherehekea miaka 50 ya kuungana, msanifu Giuseppe Castellucci akajenga upya kwenye lile eneo nyumba yenye sura ya zama za kati, mawe ya kijivu, madirisha membamba, na kamnara. Wamevunja ya kweli, wakajenga ya mfano. Makumbusho yakaja baadaye, miaka ya 1960, kwenye shamrashamra za miaka 700 tangu azaliwe.

Nakubali kwamba wanaodai wamedanganywa wana hoja, na tena nzito. Jina lenyewe linasema nyumba ya Dante, halisemi nyumba ya ukumbusho wa Dante. Ukisimama nje kuna sanamu ya kichwa chake ukutani, na chini kwenye mawe ya kile kiwanja kuna jiwe moja linaloonyesha sura yake kwa upande, ile pua ndefu unaijua, lakini haionekani vizuri likiwa kavu, kwa hiyo mwongoza watalii anafungua chupa ya maji anamwagia pale na watu wote wanainamisha simu. Nimeinama na mimi, kwa nini nikatae. Pua naam nimeiona. Ukivuka hatua chache unaingia kwenye kanisa la Santa Margherita, hapo kuna kikapu watu wanatumbukiza barua kwa Beatrice, yule mwanamke ambaye Dante alimpenda na kumwandikia mashairi, wakiomba msaada wa mapenzi, karatasi zimekunjwa kunjwa, nyingine za daftari la shule, nyingine risiti ya hoteli, wakati Beatrice Portinari aliolewa na Simone de' Bardi, akafa 1290, na wanaofuatilia mambo haya wanaona kuna uwezekano mkubwa alizikwa na ukoo wa mumewe kule Santa Croce. Gemma Donati, aliyeolewa na Dante na kumzalia watoto, hana kikapu, na Dante mwenyewe hajamtaja popote kwenye maandishi yake, hiyo nayo ni kesi nyingine kabisa. Ninachosema ni kwamba mtaa mzima umezungushiwa mambo ya kuaminishana, na mgeni aliyekuja kwa masaa mawili hana namna ya kujua kipi ni cha 1290 na kipi ni cha 1911.

Watu wengi hapo hukimbilia kuilinganisha na ile nyumba ya Juliet kule Verona, kwamba ni mradi ule ule wa kula hela za watalii. Mimi siwafuati huko. Juliet ni mhusika wa hadithi, na kile kibaraza maarufu kimepachikwa pale kwenye karne ya 20, watu wanapiga picha kwenye tukio ambalo halikutokea. Dante alikuwepo, alizaliwa kwenye eneo lile, akafukuzwa kutoka kwenye eneo lile, na walioijenga hiyo nyumba ni warithi wa ule mji uliomfukuza. Firenze haijabuni mtu, imebuni kwamba huyu mtu alikuwa na kwao. Ni uongo wa aina nyingine, na uongo wa aina hiyo una mambo mengi ya kutufundisha kuhusu mji kuliko jiwe lolote halisi ambalo lingebaki.

Kuna hoja ya pili inayosema hela ya tiketi nunua kitabu ukasome nyumbani. Hii siipingi sana, kweli ukisoma Jehanamu peke yake utampata Dante zaidi ya ukitembea vyumba vyote vile. Lakini ni hoja ya mtu ambaye anasoma tayari. Mtoto wa shule anayepelekwa pale na mwalimu wake, akaona mfano wa vita vya Campaldino, akaambiwa huyu bwana alikuwa askari wa farasi kabla ya kuwa mshairi, huyo ana sababu ya kufungua kitabu ambayo jana hakuwa nayo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote, kwamba makumbusho bila kitu halisi sio makumbusho. Kwa kipimo hicho hebu twendeni Ravenna tukaone, maana Ravenna vitu halisi vipo, mpaka mifupa. Dante alizikwa pale kwa watawa wa Kifransisko, na Firenze ilipogundua kwamba yule mwizi wa hela za umma amekuwa mshairi mkubwa wa Wakristo ikaanza kuudai mwili wake, 1396, 1429, 1476, Ravenna inakataa kila mara. Mwaka 1519 wakapata mkubwa wao, Papa Leo X, mtoto wa Medici, ukoo uliokuwa unatawala Firenze, na Ravenna ilikuwa chini ya Papa, kwa hiyo kukataa haiwezekani tena. Mchongaji Michelangelo akatia saini kwenye ombi na kuahidi kumchongea kaburi. Wajumbe wakafika, wakafungua jeneza la mawe, tupu! Watawa walikuwa wametoboa ukuta kwa upande wao wakaichomoa mifupa kimya kimya. Ikakaa kwa watawa, 1677 mkuu wao Antonio Santi akaiweka kwenye sanduku la mbao na kuandika kabisa kwamba hii ni mifupa ya Dante, sanduku likafichwa ukutani, na baadaye kumbukumbu ya mahali lilipo ikapotea mpaka 27 Mei 1865 mafundi waliokuwa wanafanya marekebisho kwa ajili ya ile ile sherehe ya miaka 600 walipogonga ukuta likatokea. Wakati wa vita kuu ya pili wakaizika tena bustanini wakiogopa mabomu. Sanduku lile la mbao lipo kwenye makumbusho ya Ravenna mpaka leo, mbao za kawaida tu zilizochakaa, ukiliangalia bila maelezo utadhani la kuwekea viatu.

Mnaona linapoelekea. Hicho ndicho kitu halisi kuliko vyote, kimegusa mifupa yenyewe, na habari kinayotoa ni kwamba Firenze haikumpata. Kule Santa Croce Firenze kuna kaburi kubwa la marumaru lililowekwa 1829, zuri sana, ndani hamna kitu. Kila Septemba mji wa Firenze unapeleka mafuta ya zeituni Ravenna ya kuwashia taa kwenye kaburi la mtu wao. Ukichukua hivyo vitatu pamoja, kaburi tupu, mafuta ya kila mwaka, na nyumba ya 1911, unapata historia ya mji mmoja unaojaribu kumrudisha mtu uliyemkosea na kushindwa kwa miaka 700, na kwenye historia hiyo nyumba ya kuigiza ni ushahidi halisi kabisa. Ni kitu halisi cha 1911. Tatizo ni kwamba tunaiingia kama kitu cha 1265 halafu tunakasirika.

Wapo watakaosema Firenze imeshamaliza hilo jambo, si mwaka 2008 baraza la jiji lilipiga kura kuifuta hukumu? Lilipiga, 19 kwa 5. Mimi hao watano nawapenda kidogo, maana angalau wanakumbusha kwamba hata miaka 706 baadaye haikuwa kura ya wote. Ila msamaha wa baraza hauna mwili wa kumpa. Kilichobaki ni kuelezea vizuri, na hapo ndipo jumba linapozembea. Ningekuwa na mamlaka pale ningeanza na Libro del Chiodo, kile kitabu cha hukumu ambacho jina la Dante limo kati ya waliofukuzwa, chenyewe kinakaa kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali Firenze lakini nakala inatosha, ningeiweka mlangoni kabisa kabla ya mkata tiketi. Pembeni yake picha za ubomoaji wa miaka ya 1880 na michoro ya Castellucci. Na kile chumba cha kulala walichokipanga kwa mtindo wa zama za kati, kitanda na kila kitu, ningekitoa kitanda.

Kwa sababu jumba lenyewe, bila kukusudia, lina kitu kimoja ambacho ni Dante mtupu, nacho ni ngazi. Nyumba ni nyembamba ya ghorofa kadhaa, unapanda, unashuka, unapanda. Kwenye Peponi, sura ya 17, babu wa babu yake, Cacciaguida, anamtabiria kwamba ataonja jinsi mkate wa watu wengine ulivyo na chumvi, na jinsi ilivyo kazi ngumu kupanda na kushuka ngazi za watu wengine. Chumvi hapo sio mapambo, mkate wa Toscana mpaka leo hautiwi chumvi, ukienda mkoa mwingine ulimi unakuambia papo hapo kwamba hapa sio kwenu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwa ndugu mjini akisubiri kazi, anapanda ngazi usiku polepole asiamshe wenye nyumba, huyo mstari hahitaji mwalimu. Pale kwenye ngazi za 1911, ambazo hazikuwahi kuwa za Dante, ungewekwa huo mstari ukutani na usiwekwe kitu kingine, umati wa watalii ungeelewa uhamisho kwa magoti kabla ya kuuelewa kwa kichwa.

Kuna msomaji Mwislamu najua ananisubiri hapa na ana haki. Kwenye Jehanamu, sura ya 28, Dante amemweka Mtume Muhammad na Ali kati ya wapanda mifarakano, kwa maneno machafu, wakati kwenye sura ya 4 Ibn Sina, Ibn Rushd na Salahuddin amewapa mahali pa heshima. Na mwaka 1919 padri mmoja wa Hispania, Miguel Asín Palacios, alitoa hoja kwamba ramani nzima ya safari ya Dante inafanana mno na visa vya Miraji, vile tunavyosomewa kila mwezi wa Rajabu, na wasomi wanabishana juu ya hilo mpaka leo. Mwaka 2021 tafsiri mpya ya Kiholanzi ya Jehanamu iliondoa jina la Mtume ili wasomaji vijana wasikwazike. Nia nzuri, lakini ni ugonjwa ule ule wa nyumba ya 1911, kumpangusa mtu mpaka akae vizuri kwenye chumba cha wageni. Mimi nataka nimwone mzima, na hasira zake, na matusi yake kwa mapapa, na alichokosea kwetu, ndio nijue namkubali wapi na namkatalia wapi.

Tukirudi kwenye VR sasa, maana hapo ndipo penye jambo la kesho. Wengi wanachukia miwani ile kwa sababu ni teknolojia, mimi siichukii kwa hilo. Ninachoona ni kwamba ukiivaa unatembea kwenye Firenze ya mwaka 1300 hivi, mitaa, minara, watu, na kila jiwe unaloliona ni uamuzi wa mtu fulani wa wakati wetu, kama vile kila dirisha la nyumba ni uamuzi wa Castellucci. Tofauti ni kwamba Castellucci tunamjua jina na mwaka, tunaweza kumbishia, tunaweza kusema hapa umeotea bwana. Ndani ya miwani hujui rangi ya ukuta huu imetoka kwenye hati au kwenye kichwa cha fundi wa kompyuta. Majumba ya makumbusho mengi tu yanakwenda huko, na programu zinazidi kuwa rahisi, mji wowote utaweza kujitengenezea nyumba ya mtu wake mkubwa bila kununua hata tofali, na bila mtalii yeyote wa kurekodi klipu kulalamika kwamba ni feki kwa sababu hakutakuwa na ukuta wa kugonga. Kwa hiyo badala ya kuililia Firenze itoe maskrini, tuidai iandike kwenye kila skrini kile ambacho kwa nyumba tunaweza kukitafuta wenyewe, nani kaichora, mwaka gani, wapi ana ushahidi na wapi amekisia.